Yaliyomo Chupani

Nauza manukato Muscat. Huu ni mwaka wangu wa 11 nyuma ya kabati za vioo, na kila siku kabla mlango haujafunguliwa hupanga vijikaratasi vyeupe vya kunusia, hufuta chupa za kujaribia, na hurudia kimoyomoyo yale niliyosoma kuhusu manukato yaliyoingia wiki hiyo. Mapya hayaishi kuja, kutoka Paris, kutoka New York, kutoka Dubai, na mengine hutengenezwa hapa hapa Oman. Mteja hutazama chupa, hutazama bei, kisha huuliza, "Ndani mna nini?" Kulijibu swali hilo ndiyo kazi inayonilisha.

Jibu lina lugha yake. Watengenezaji husema manukato yana noti, neno waliloliazima kwa wanamuziki. Noti za juu ndizo pua inazokutana nazo mwanzo, ndimu au chungwa au balungi, nazo huruka baada ya dakika chache. Noti za moyo hufuata, aghalabu maua na viungo, zikakaa saa mbili tatu. Noti za chini ni zile nzito, miti na utomvu na ambari, ambazo kesho yake bado utazikuta kwenye kanzu. Anayelipa riali 100 kwa chupa moja hununua mpangilio huo: nani atangulie, nani ashike katikati, nani abaki nyuma.

Wiki ya kwanza kazini nilipewa daftari la mafunzo lenye picha ya kila noti, nikalihifadhi kama nilivyohifadhi juzuu ya Amma chuoni Wete. Nikafika kwenye jina ylang-ylang. Chini yake palikuwa na picha ya ua la manjano, lenye vipande virefu vyembamba vilivyolegea kama vidole vya mtu aliyelala. Lilikuwa langilangi. Mlangilangi ulikuwepo nyuma ya jiko la bibi yangu mzaa mama, kule Pemba, na jua likizama ulinukia hadi njiani. Kurasa mbili mbele nikakuta karafuu. Kisha ambari, kisha udi, ubani, asumini. Nilikuwa nimepanda ndege kwenda kufundishwa vitu vilivyokuwa kwenye shubaka la chumbani kwa bibi.

Tangu wiki ile nimekuwa nikisoma usiku, baada ya kazi, habari za vitu hivyo: vilivyopita pwani yetu, nani alivishika, na vilifikaje kwenye chupa. Sanduku la manukato ya kifahari hutaja kampuni, hutaja mji, na siku hizi mara nyingi hutajwa hata mtu aliyechanganya. Waliochuma hawatajwi. Na wanawake wa pwani, ambao kizazi baada ya kizazi wamechanganya manukato majumbani mwao, hawahesabiwi kuwa mafundi. Mimi nataka wahesabiwe, na hii ndiyo hesabu yangu.

Ambari ya Zinji

Naanza na ambari kwa kuwa maandishi yake ni ya kale. Mwaka 916 hivi, msafiri wa Baghdad aitwaye al-Mas'udi alisafiri kwa jahazi kati ya Oman na pwani ya Zinji, yaani kwetu. Katika kitabu chake aliandika kwamba ambari iliyo bora kuliko zote ni ile inayotupwa na bahari kwenye pwani na visiwa vya Zinji, ya mviringo, yenye rangi ya samawati iliyofifia, na mara nyingine kubwa kama yai la mbuni. Zaidi ya miaka 1,100 imepita, na bado mteja akiniuliza noti ya chini ni nini, mara nyingi jibu langu ni hilo hilo: ambari.

Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi mkubwa anayekula ngisi. Midomo migumu ya ngisi humkwaruza matumbo, naye hutoa kitu kama nta cha kuizungushia. Kikitoka mwilini huwa cheusi na harufu yake haivumiliki. Bahari ndiyo inayokipika. Huelea miaka, chumvi na jua vikikisafisha, hadi siku kinapotupwa mchangani kikiwa kijivu, chepesi, na chenye harufu tamu ya bahari na ngozi ya mtu aliyetoka kuoga. Wavuvi wetu walijua kukitambua, na wafanyabiashara walijua wa kumpelekea.

Msafiri mwingine, Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alipelekwa kwenye nyumba ya sultani pamoja na kadhi. Mtumishi akaja na sahani ya tambuu na popoo, kisha akaja na chombo cha marashi ya mawaridi ya Damascus, akammiminia yeye na kadhi. Nilipoisoma habari hiyo niliona mrashi wa bibi, ule wa shingo ndefu yenye vitundu, uliotoka kabatini mgeni wa heshima alipoingia au maulidi yalipofika kwenye kisimamo. Ustaarabu wa kumpokea mtu kwa harufu nzuri ulikuwa pwani yetu karibu karne mbili kabla ya meli ya kwanza ya Mreno kutia nanga.

Leo ambari halisi ni adimu, na nchi kadhaa zimeipiga marufuku ili kumlinda nyangumi. Kampuni hutumia ambroxan, inayotengenezwa maabara kutokana na mmea wenye maua ya zambarau, nayo huiga upande mmoja wa harufu ya ambari, ule mkavu wa chumvi. Mwaka 2015 Dior walitoa Sauvage, kazi ya François Demachy: bergamot ya Calabria juu, ambroxan tele chini. Sijui siku iliyopita dukani bila kijana mmoja kuja kuitafuta. Nikimpulizia kwenye kijikaratasi huwa namuambia kwamba harufu hiyo imeigizwa kutoka kwa kitu kilichosifiwa na Mwarabu wa Baghdad kwenye fukwe za Zinji.

Zabadi nayo ilikuwa na safari kama hiyo. Hutoka kwa ngawa, na zamani Unguja watu walimweka kizimbani wakimkwangua nyuma yake kwa kijiko ili kupata ule ute wa manjano. Ikiwa nyingi inanuka vibaya. Ikiwa punje tu, huyafanya maua yaonekane yangali hai. Jicky, iliyotolewa na Guerlain mwaka 1889, ilikuwa na zabadi ndani yake. Chanel walisema wameacha ile ya mnyama mwaka 1998 na kutumia ya maabara, na mimi nashukuru kwa ajili ya yule mnyama wa kizimbani.

Karafuu

Karafuu ndiyo sehemu ninayoijua kwa mikono, kwa hiyo nitakaa hapa.

Mkarafuu si mti wa asili yetu. Ulitoka visiwa vya Maluku, na Waholanzi waliulinda kwa ukali ili wasipate mshindani. Mwaka 1770 watu wa Mfaransa Pierre Poivre walifanikiwa kutorosha miche na kuifikisha Île de France, kisiwa tunachokiita leo Morisi. Kutoka kwenye visiwa vya Wafaransa vya upande huo, mwanzoni mwa karne ya 19, mikarafuu ikaletwa Unguja, na anayetajwa kuileta ni Mwarabu wa Oman, Saleh bin Haramil al-Abray. Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, aliwahimiza wenye ardhi waipande kwa wingi. Baada ya miaka michache Unguja na Pemba zilikuwa zinatoa karafuu nyingi kuliko mahali pengine popote duniani.

Waliochimba mashimo, wakapanda, wakapalilia na kuchuma walikuwa watumwa. Wayao, Wanyasa, Wamanyema na wengine waliteremshwa pwani kwa miguu, wakavushwa kwa majahazi, wakauzwa sokoni Mkunazini. Tufani ya Aprili 1872 iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi 1897. Kwa miaka hiyo 24 iliyo katikati, karafuu ya Pemba iliendelea kuchumwa na watu wasio huru. Siwezi kumtajia mteja noti ya karafuu nikaisahau miaka hiyo.

Nilipokuwa mdogo msimu ukifika shule zilikuwa tupu. Wanaume na vijana hupanda, kwa kuwa mkarafuu ni mrefu na matawi yake huvunjika ghafla. Wanawake na watoto hukaa chini na kuchambua. Kishada hushikwa kwa mkono mmoja, kikasuguliwa kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zikadondoka upande huu na makonyo upande ule. Malipo yalikuwa kwa pishi. Karafuu ni ua ambalo halijafunguka, na ndiyo maana lazima lichumwe likiwa limeanza tu kupata wekundu. Likichanua, limeharibika. Kisha huanikwa juani kwenye majamvi, na siku hizo barabara nzima ya Wete hunukia. Jioni viganja vyangu vilikuwa vyeusi na vikali, na nikila chochote kwa mkono nilikula na karafuu.

Makonyo hayatupwi. Mwalimu wetu aliwahi kutupeleka Wawi, karibu na Chake Chake, kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo. Nakumbuka joto, mapipa makubwa ya chuma, na mvuke uliotufanya sote tutoe machozi. Tulioneshwa mafuta ya rangi ya chai yakichuruzika. Mwalimu akasema hayo yanakwenda Ulaya, kwenye dawa za meno na manukato. Mimi nikafikiri ni Ulaya ya kwenye ramani. Sikujua kwamba siku moja nitasimama mbele ya kabati nikiyauza.

Ndani ya mafuta hayo, sehemu kubwa ni kitu kimoja kiitwacho eugenoli. Kuna ua la Ulaya ambalo Wafaransa huliita œillet. Harufu yake inafanana na karafuu, lakini kulikamua ni ghali mno, basi mafundi huliunda upya kwa eugenoli. Bellodgia ya Caron ya mwaka 1927 imejengwa juu ya harufu hiyo, na vivyo hivyo L'Air du Temps ya Nina Ricci ya mwaka 1948, ile ya chupa yenye njiwa. Yves Saint Laurent walipotoa Opium mwaka 1977, karafuu ilisikika waziwazi pamoja na utomvu na viungo vyake vingine. Zaidi ya hayo, mwishoni mwa karne ya 19 wanakemia walipata njia ya kuigeuza eugenoli kuwa vanilini, na kwa miongo kadhaa vanilini ya viwandani ilitengenezwa kutokana na mafuta ya karafuu. Kwa hiyo utamu wa vanila uliokuwa mtindo wa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20, katika keki na katika manukato, kwa sehemu ulianzia kwenye miti ambayo sisi tuliipanda kwa jasho la watumwa.

Kuna jambo moja huwa nawaonesha wafanyakazi wapya. Geuza sanduku, tazama maandishi madogo ya chini. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya uliamuru vitu 26 vya harufu viandikwe kwenye lebo vikizidi kiasi fulani, kwa kuwa huwasha ngozi za baadhi ya watu. Eugenoli ni mojawapo. Inaweza kuwa imetoka kwenye waridi, au mrihani, au maabara, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kila sanduku lina Pemba ndani yake. Lakini kila ninapoliona jina hilo huwa nafikiria viganja vyetu. Sheria ililazimisha liandikwe kwa sababu ya ngozi ya mnunuzi. Ngozi za waliochuma hazikupata mstari.

Langilangi ya Komoro

Langilangi nayo ni mgeni aliyezoea. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, na mafuta yake yalianza kukamuliwa kibiashara Manila katika karne ya 19. Wafaransa wakaipeleka Réunion, kisha Nosy Be, Maore na Komoro. Mwaka 1907 kampuni ya kikoloni ya Bambao ilianzishwa Nzwani, kisiwa kimojawapo cha Komoro, ikiwa na mafungamano na watengeneza manukato wa Grasse, mji wa kusini mwa Ufaransa ambao tangu karne ya 17 umeishi kwa maua. Kampuni hiyo ilimiliki ardhi nyingi ya kisiwa, na wenyeji wakawa vibarua kwenye mabonde ya wazee wao. Komoro ilipata uhuru mwaka 1975, Maore ikabaki Ufaransa, na hadi leo Komoro ndiyo inayoongoza kwa mafuta ya langilangi duniani.

Mlangilangi ukiachwa hupaa hadi kimo cha mnazi. Mashambani hukatwa kilele ukiwa mchanga na matawi hulazwa chini, mti ukawa kama kiwete mwenye mikono mirefu, ili mchumaji afikie maua akiwa amesimama. Wachumaji wengi ni wanawake. Huondoka alfajiri, kwa kuwa jua likipanda harufu huondoka nalo, na huchagua ua lililokomaa lenye doa jekundu ndani. Kilo 50 hivi za maua ndizo zinazotoa kilo moja ya mafuta. Huchemshwa siku hiyo hiyo kwa saa nyingi, na mafuta hutengwa kwa madaraja: yale ya saa za mwanzo, mepesi na matamu, huitwa ekstra na huenda kwenye manukato ya kifahari, ya mwisho huenda kwenye sabuni.

Chanel No. 5, aliyoitunga Ernest Beaux mwaka 1921, ina langilangi pamoja na asumini na waridi la Grasse. J'adore ya Dior ya mwaka 1999 inayo. Mwaka 2000 Guerlain walitoa Mahora, jina lililotokana na Maore, ambako Jean-Paul Guerlain alikuwa na shamba la milangilangi huko Combani. Nikimpulizia mteja Chanel No. 5 husubiri lile pazia la mwanzo lipite, kisha humwambia, "Sasa nusa tena." Hapo ndipo langilangi hutokea, ua zima, kama lile la nyuma ya jiko.

Nina neno juu ya gharama. Mitambo mingi ya Nzwani imekuwa ikichemsha kwa kuni, na kuni hizo zimetoka msituni. Misitu ya milimani imepungua sana, kwa sababu hiyo pamoja na kilimo na ujenzi, na mito iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa mingine hukauka. Anayenunua chupa anapaswa kulijua hilo, na anayeuza anapaswa kulisema.

Shubaka la bibi

Sasa nije kwa mafundi.

Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, na mwaka 1886 akachapisha Ujerumani kitabu cha maisha yake. Humo ameeleza jinsi wanawake wa nyumba yao walivyopenda manukato na jinsi nguo zilivyofukizwa. Nilipokisoma niliitambua nyumba ya bibi, ingawa yetu ilikuwa ya udongo na makuti. Ufundi haukuwa wa kasri peke yake. Ulishuka hadi vijijini, na huenda ulipanda pia kutoka vijijini, kwa kuwa waliokuwa wakitwanga na kusaga kasrini ni wanawake wa kawaida.

Bibi yangu alizaliwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, na watu walimwita kwenye kila harusi ya mtaani. Siku saba kabla, alisaga liwa kwenye jiwe kwa maji ya marashi hadi iwe uji laini wa kumpaka bi harusi. Alitwanga singo: asumini na mawaridi yaliyokaushwa, mrihani, karafuu, liwa, vyote vikalowanishwa, kisha bi harusi akasuguliwa navyo mwili mzima. Dada zetu wa Komoro na Maore wana msindzano, sandali inayosagwa kwenye jiwe la tumbawe na kupakwa usoni, nao ni ndugu wa liwa yetu. Kisha zikaja nguo. Chetezo kiliwekwa chini, tenga likafudikizwa juu yake, nguo zikatandazwa juu ya tenga hadi moshi wa udi uingie katika kila uzi. Jioni ya harusi ndipo vikuba vilipofungwa, asumini na waridi na kilua vikishonwa pamoja na mkadi na mrihani. Mwisho kabisa tone la hal-udi nyuma ya masikio.

Miaka mingi nilidhani hayo ni mila tu. Baada ya kuuza manukato ndipo nilipoona yalikuwa utungo. Kikuba hutangulia, hupiga pua mlangoni, na alfajiri kimekwisha nyauka. Singo na liwa hutoka kwenye ngozi kadiri mwili unavyopata joto. Udi hubaki kwenye nguo hadi ifuliwe, na hata baada ya hapo. Juu, moyo, chini. Bibi alipanga harufu zifuatane usiku kucha, akijua kila moja itaondoka saa ngapi. Hakuwahi kusikia neno noti.

Udi wenyewe hautoki kwetu. Ni mti wa Assam, Kambodia na visiwa vya Indonesia, ambao ukijeruhiwa na kushambuliwa na ukungu hujaza shina lake utomvu mweusi. Ulifika pwani kwa majahazi ya kaskazi, na kwa kuwa ulikuwa ghali, wanawake wa pwani na wa Oman walibuni udi wa kupika. Sukari hupikwa hadi iwe kahawia, unga wa udi na vipande vyake vidogo hutiwa, kisha ambari, miski na mafuta ya mawaridi, vikakorogwa upesi na kutandazwa kwenye sinia. Ukipoa huvunjwa vipande. Kipande cha ukubwa wa kunde kikiwekwa kwenye kaa, chumba kizima hunukia udi na sukari.

Ulaya ilichelewa kuupenda udi. Yves Saint Laurent walitoa M7 mwaka 2002, wakati Tom Ford alipokuwa akiisimamia nyumba hiyo, na wateja wa huko hawakuielewa. Mwaka 2007 Tom Ford akatoa Oud Wood kwa jina lake, na mlango ukafunguka. Leo karibu kila nyumba kubwa ina chupa yenye neno hilo. Oman ilikuwa imetangulia. Mwaka 1983, kwa matakwa ya Sultan Qaboos, ilianzishwa Amouage, na manukato yao ya kwanza yalitungwa na Guy Robert wa Ufaransa, yakibeba ubani wa Dhofar. Ukoo ulioiamuru kazi hiyo ndio ule ule wa Seyyid Said aliyeijaza Unguja mikarafuu.

Nilirudi Wete likizo mwanzoni mwa mwaka 2017. Kwenye kifundo cha mkono nilikuwa nimepulizia Baccarat Rouge 540 ya Francis Kurkdjian, iliyoanza kuuzwa rasmi mwaka 2015 na wakati huo kila mtu dukani akiitaka. Kampuni huorodhesha zafarani, asumini, mwerezi na ambari. Pua hukutana na kitu kama sukari iliyopikwa ikageuka rangi. Nikaingia chumbani kwa bibi, nikamwamkia, nikainama kuubusu mkono wake. Macho yake yalikuwa yamekwisha ingia mtoto wa jicho. Akanishika mkono, hakuniachia.

"Nani kapika udi?" akauliza.

"Hakuna aliyepika, bibi. Ni mafuta ya Ufaransa."

Akaninusa tena, taratibu, kama anayesoma.

"Aliyepika anajua," akasema. "Sukari kaiepua kabla haijawa chungu. Lakini udi wake kautia mdogo."

Mtungaji wa chupa ile ana jina, ana duka, na kazi yake naiheshimu. Yule mzee wa Wete, asiyeona, alimpima kama fundi anavyompima fundi mwenzake, na hakukosea.

Siku iliyofuata nilinunua daftari la kurasa 96 na kalamu mbili. Bibi hakuwa na vipimo. Alikuwa na "kiganja", "konzi", "hadi utakaponusa". Basi nikapima mimi: kila alichotia sinia nilikipitisha kwanza kwenye mizani ndogo ya duka la jirani. Konzi yake ya sukari ilikuwa na gramu 60. Nilimuuliza alifundishwa na nani, akanitajia mwanamke mmoja mzalia, aliyezaliwa shambani kwa mabwana zake na akafa mzee sana mbele ya macho ya bibi. Huyo alichuma karafuu mchana, na usiku akipika udi wa kuuza. Kwa hiyo mkono ulionifundisha mimi kunusa ulitoka moja kwa moja kwenye mashamba yale.

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Daftari liko hapa Muscat, kwenye droo chini ya kaunta. Kila mfanyakazi mpya anayekuja kwangu hupewa kwanza daftari la mafunzo la kampuni, lenye picha za noti, na jioni ya siku hiyo hiyo humpa la pili anakili kwa mkono wake. Ukurasa wa kwanza una majina mawili, la bibi na la mwalimu wake. Kisha sukari gramu 60, moto mdogo, na maneno aliyoyasisitiza akinishika mkono uliokuwa na kalamu: usiondoke jikoni.